Habari Niliyoacha Kumsomea Rosalina

Vijana wa redio hapa Nachingwea wameniomba niwaandikie mambo ya kazi, maadamu nimestaafu na sina tena kisingizio cha kukosa nafasi. Kama mlitaka kujua nilivyopanda vyeo, mtanisamehe, sikupanda. Nilianza nikiwa mwakilishi wa gazeti wilaya za Nachingwea na Ruangwa, nikamaliza nikiwa mwakilishi wa gazeti wilaya za Nachingwea na Ruangwa, na kilichobadilika katikati ni aina ya simu tu. Kwa hiyo nitaandika jambo moja ninalolijua vizuri: jinsi gazeti letu lilivyokuwa likiiandika serikali ya wenzetu wa ng'ambo ya Ruvuma, na jinsi mimi nilivyokaribia kumuua mtu kwa sentensi moja.

Aliyenipokea kazini ni Mzee Chinguile, mwakilishi aliyenitangulia. Ofisi yake ilikuwa chumba nyuma ya kibanda cha fundi cherehani, na siku ya kwanza nilidhani yeye ndiye fundi. Alinikabidhi daftari, redio ya betri na penseli mbili. Niliuliza kwa nini si kalamu ya wino, akasema mvua ya huku ikinyesha wino unakimbia na habari yako inakimbia nayo. Mpaka leo natumia penseli. Habari zenyewe tulizisoma kwa simu ya posta, neno kwa neno, na yule wa ofisi kuu Dar es Salaam akiandika upande wa pili huku akikuambia ongeza sauti.

Habari yangu ya kwanza ilihusu wageni kutoka Msumbiji. Ninyi mmezaliwa mmekuta majengo tu, lakini wapigania uhuru wa nchi ile walikuwa na kambi hapa kwetu, na wakubwa wao wengi wamekula ugali wa Nachingwea. Basi kila walipokuja kupaona tena, gazeti lilitaka habari, na habari hiyo ilikuwa na umbo lake: ndugu zetu wa damu, serikali yao shupavu, picha ya watu wanapeana mikono. Niliandika hivyo hivyo. Nikaongeza kwamba wananchi wa kule sasa wanaishi kwa raha na neema. Hakuna aliyeniambia hilo, ila niliona linapendeza.

Mzee Chinguile alisoma, akachukua fimbo yake. "Twende sokoni," akasema.

Sokoni alikuwapo mwanamke kijana anauza ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha, ana mimba kubwa, jina lake Rosalina. Alikuwa amevuka Ruvuma akiwa msichana, akikimbia vita vya kule, akaolewa hapa. Mama yake na kaka zake walikuwa wamebaki. Mzee Chinguile alinivutia kigoda, akaniambia nimsomee habari yangu kwa sauti. Nikasoma. Nilipofika kwenye raha na neema, Rosalina aliacha kumenya.

"Kaka, huko unakosema ni wapi?" akauliza. "Mimi kwetu siyo huko. Mama kaniletea salamu juzi, chumvi hawana."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nilifuta sentensi ile kabla ya kwenda posta. Huko Dar es Salaam wakairudisha, na kuiweka chini ya picha ya mikono.

Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni ya Mzee Chinguile, na nawaachia ninyi sasa: habari ya serikali ya jirani haiondoki mpaka umemsomea kwa sauti mtu mwenye ndugu kule. Siyo kumpa asome, maana wengine hawasomi, na hata anayesoma anaweza kuruka mstari. Umsomee wewe, kwa mdomo wako, ukimtazama. Alikuwa akisema neno la uongo likisomwa kimya linateleza kama bamia, lakini ukilitamka mbele ya mwenye ndugu yake linakukaba koo. Na alikuwa akisema tena, kwa hasira kidogo, kwamba gazeti letu likimwandika jirani atakuwa ama malaika ama mwizi, na yule mtu wa katikati, mwenye njaa na mashamba na watoto, hayumo.

Miaka ya mwanzo alikuwa malaika. Hakuna baya lililoweza kuandikwa. Rosalina alijifungua mtoto wa kiume, Abeli, akamlea pale pale penye ming'oko, na mimi nikawa naenda na daftari langu kila nilipokuwa na habari ya upande ule. Alikuwa mhariri mkali kuliko wote niliowahi kuwa nao, na hakuwahi kwenda shule. Mara moja kijana wa Ruangwa alirudi akilalamika kwamba amezuiwa kuvuka, na meza ya habari kule Dar es Salaam walitaka iandikwe kuwa jirani anawafukuza Watanzania. Nilimsomea Rosalina.

"Alikuwa na karatasi za kusafiria?" akauliza.

"Hakuwa nazo."

"Basi andika hakuwa nazo."

Niliandika. Habari haikutoka. Mtu asiye na karatasi kurudishwa mpakani haiuzi gazeti.

Mzee Chinguile alifariki kabla hajaona malaika akigeuka mwizi. Miaka hii ya karibuni, watu wenye silaha walipoanza kuvuruga upande wa kaskazini wa nchi ile, meza yetu ya habari iligeuka kwa kasi iliyonishangaza. Wale wale walioandika serikali shupavu sasa waliandika serikali iliyolala, iliyoshindwa, inayotuletea moto mlangoni. Sikatai, watu walikufa kule, na maswali ya kuuliza yalikuwapo. Lakini hatukuuliza. Tulikuwa na vichwa vya habari kwanza, kisha tukatafuta habari za kuviweka chini yake. Simu yangu ilikuwa haipoi.

"Mzee Nandonde, Nachingwea si ndiyo mpakani hapo?" mhariri wa zamu ananiuliza, kijana mpole tu.

"Siyo mpakani, mwanangu. Ukitoka hapa asubuhi kwenda mpakani, chakula cha mchana unakula njiani."

"Lakini watu wana hofu?"

"Wana hofu ya bei ya korosho."

Anacheka, anakata simu, kesho anapiga tena. Mtu akiulizwa jambo moja kila siku, ipo siku atalijibu anavyotakiwa. Siku yangu ilikuwa katika mvua za masika.

Alinipigia Mayala, mfugaji aliyehamia na ng'ombe wake kutoka Kanda ya Ziwa, ana msimu mmoja tu Kilimarondo, pembezoni mwa wilaya yetu. Tulifahamiana mnadani. "Mzee, huku kuna milipuko bhana. Siku ya tatu leo. Inapigwa kule mashambani, jioni na alfajiri. Ng'ombe wangu wamekimbia, wengine hatujawaona."

"Nani anapiga?"

"Sijui. Sisi wageni huku, tunaogopa kwenda kuangalia."

Kazi yangu ilikuwa kwenda. Kilimarondo ni mbali na njia ilikuwa tope tupu, lakini nimeshakwenda kwa baiskeli katika tope baya kuliko lile. Nilijaribu kumpigia mkulima mmoja ninayemjua huko, hapatikani. Nikajaribu mwingine, hapatikani. Nikampigia mhariri, nikimtegemea aseme tusubiri. Akasema ukurasa wa mbele unafungwa saa kumi, na ilikuwa saa nane na nusu.

Niliandika kwamba wakazi wa Kilimarondo wanasema wamesikia milipuko kwa siku tatu, na kwamba chanzo chake hakijajulikana. Hapo ningeweka nukta, nisingekuwa na la kuwaandikia leo. Nikaongeza: "Tukio hilo limezidisha hofu ya wananchi kutokana na hali ilivyo katika nchi jirani." Hakuna mwananchi aliyeniambia hivyo. Mayala hakutaja nchi jirani hata mara moja. Ilinijia tu, kama raha na neema ilivyonijia nikiwa kijana.

Kutoka chumbani kwangu hadi kwa Rosalina ni mwendo wa dakika kumi. Mvua ilikuwa inapiga bati. Nikajiambia nitamsomea jioni, nikabonyeza simu, habari ikaenda.

Asubuhi yake kichwa cha habari kilikuwa kimejaa ukurasa wa mbele: jirani azembea, mabomu yatikisa Nachingwea. Ndani waliongeza, bila kuniuliza, kwamba inahofiwa watu kutoka ng'ambo wanapenya wakijifanya wafanyabiashara. Jina langu lilikuwa juu, kwa herufi nene. Gazeti lenyewe huku hufika limechelewa, lakini picha ya ukurasa ule ilishafika kwenye kila simu kabla watu hawajanywa chai. Kichwa kile kilikuwa chao. Sentensi iliyokizaa ilikuwa yangu.

Rosalina alikuja kwangu kabla ya saa sita. Alisimama mlangoni, hakubisha hodi, hakunisalimu. Miaka yote ile hajawahi kuacha kunisalimu.

"Abeli wamemshika Narung'ombe," akasema. "Wanasema ni mtu wa mabomu. Wanasema gazeti limesema."

Abeli alikuwa ameoa Nkowe, wilaya ya Ruangwa, anaendesha bodaboda huko. Asubuhi ile alikuwa amebeba mzigo kupeleka Kilimarondo, akakata kwa njia ya Narung'ombe, na kwenye kijiji kimoja vijana walimsimamisha wakapekua mzigo. Wakakuta vipande vya bomba la chuma, vipande vya nondo na katoni mbili za viberiti. Wakamuuliza kwao ni wapi, akasema Nachingwea. Wakamuuliza mama yake anatoka wapi, naye, kwa kuwa hakufundishwa uongo, akasema ng'ambo.

Nilipiga polisi, wakasema wanakuja, ila mvua ilikuwa imekata njia na watazunguka. Nikachukua bodaboda. Nilimwambia Rosalina abaki, kwa sababu niliogopa watakavyomtazama. Akaniuliza, "Ukifika utawaambia nini?" Nikasema nitawaambia ukweli. Akanitazama kama mtu anayekagua samaki. "Unao?" akauliza.

Safari ile ilikuwa zaidi ya saa mbili. Tulianguka mara moja kwenye tope. Njia nzima nilikuwa naisoma sentensi yangu kwa sauti ndani ya kofia ngumu, na kila nikiisoma inanikaba.

Nje ya ofisi ya kijiji palikuwa na watu wengi, wengine na mawe mkononi, na tairi moja kuukuu limeletwa na kulazwa chini. Nililiona tairi lile kwanza. Mgambo wawili walikuwa mlangoni. Mwenyekiti wa kijiji, mtu mfupi wa makamo, alinishika mkono kwa nguvu. "Mzee, nawazuia hawa tangu saa nne," akaninong'oneza. "Maneno yameniishia."

Abeli alikuwa amekaa sakafuni, mikono imefungwa nyuma kwa mpira wake mwenyewe wa kufungia mizigo. Damu ilikuwa inatoka sikio la kushoto na imekauka shingoni. Aliniamkia. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote, kwamba aliniambia "Shikamoo, mjomba," katika hali ile.

Nje mtu alinitambua, akapaza sauti. "Mwandishi huyu! Mwandishi mwenyewe kaja! Waambie, mzee!"

Wakanigeukia wote. Walikuwa wamefurahi kuniona. Walidhani nimekuja kuthibitisha.

"Habari ile niliandika mimi," nikasema. "Kilimarondo sikwenda. Milipuko niliambiwa kwa simu. Lakini kwamba inahusu jirani, hakuna mtu aliyeniambia. Niliweka mwenyewe. Na huyu kijana nimemjua tangu yuko tumboni."

Kisha kijana mmoja mwenye jiwe akauliza, kwa utulivu kabisa: "Sasa hapo uongo ni upi, mzee? Gazeti ndilo limeongopa, au wewe unaongopa sasa hivi kwa kuwa unamjua mama'ke?"

Ndugu zangu, swali lile nililistahili. Miaka yote nilikuwa nimewafundisha watu wale kwamba kikichapishwa ni kweli. Niliona watu wa nyuma wakianza kusogea mbele.

Abeli ndiye aliyesema, kutoka ndani: "Mjomba, piga moja wasikie. Ni za ndovu hizo."

Wakapiga kelele kwamba akiachiwa atalipua wote. Mwenyekiti akasema hatafunguliwa, na bomba atalishika mwandishi mwenyewe, peke yake, uwanjani. Likitulipua, akaongeza, tutakuwa tumepata jibu. Basi nikachukua kipande kimoja, mimi ambaye hata fataki sijawahi kuwasha. Abeli akawa ananielekeza kwa mdomo pale alipofungwa: kiasi gani cha viberiti, nondo ichomekwe vipi, nigonge wapi. Nilimwaga unga wa viberiti mara mbili. Watu walirudi nyuma mpaka kwenye mikorosho. Nikafumba macho, nikagonga.

Mlio ulikuwa mkubwa mno. Watu walilala chini, kuku wakatawanyika, na mimi nikajikuta nimekaa kwenye tope, mzima, nimeshika kipande cha bomba kinachotoa moshi. Kisha mzee mmoja akatoka nyuma ya mkorosho anapangusa kanzu.

"Ah! Si ya kufukuzia ndovu hiyo?" akasema. "Mie nimelinda shamba Kilimarondo misimu mitatu, nakaa dunguni. Kila ntu anayo. Bila hiyo ndovu wanakula nhogo mpaka mizizi."

"Babu, mbona hukusema tangu asubuhi?" mwenyekiti akauliza, anakaribia kulia.

"Hamkuniuliza. Mlisema bomu. Bomu mie nalijulia wapi?"

Mtu mmoja akacheka, na wa pili, na yule kijana akaliangusha jiwe lake kama vile lilikuwa la mtu mwingine. Hivyo ndivyo Abeli alivyopona. Sitaki mseme kwamba nilimwokoa. Wakulima waliomwagiza mzigo wanajua sauti ile kama wanavyojua jogoo wao, na Mayala hakuijua kwa sababu kwao hakuna ndovu shambani. Mkulima yeyote wa Kilimarondo angenimalizia habari yangu kwa maneno manne.

Polisi walifika, wakampeleka Abeli hospitali. Sikio la kushoto halikusikia tena.

Nilimpigia mhariri nikitaka kukiri ukurasa ule ule wa mbele, kwa herufi zile zile. Akasema mzee, hiyo si habari tena. Walitoa mistari mitatu ukurasa wa kumi na nne, chini ya tangazo la mbolea. Ninyi vijana ndio mliniazima kipaza sauti nikasoma masahihisho yangu kwa siku saba mfululizo, na kwa hilo nawashukuru, ingawa mmoja wenu aliweka muziki chini yake. Mayala alinisikia, akapiga simu. "Mzee, mimi nilikuambia nimesikia milipuko," akasema. "Sikukuambia ni ya nani." Nikamwambia najua.

Kwa Rosalina nilikwenda baada ya wiki moja. Aliendelea kumenya.

"Ungekuja kunisomea siku ile," akasema bila kuinua uso, "ningecheka tu. Wiki nzima Abeli alikuwa ananihadithia mabomba yake ya ndovu. Ningekuambia, kaka, hiyo ni kazi ya mwanangu."

Nilimwomba radhi. Alinifungia ming'oko kama kawaida, lakini kigoda hakukivuta. Kila nilipokwenda na habari baada ya hapo aliniambia leo ana kazi nyingi, na mimi nikirudi sizitumi. Gazeti lilitafuta mwingine wa kuliandikia mambo ya jirani, na kichwa cha habari hakikuwahi kukosa cha kuweka chini yake.

Mwezi uliopita, wiki yangu ya mwisho kazini, niliandika moja zaidi. Ilikuwa fupi: maafisa wa kilimo na wakulima kutoka ng'ambo wamekuja kuona mashamba ya ufuta, wakaulizwa maswali magumu na wenyeji kuhusu usalama wa ndugu zao, mengine wakayajibu na mengine wakayakwepa. Hawakuwa malaika na hawakuwa wezi. Niliiandika kwa penseli nikaenda sokoni, nikiwa tayari kurudi nayo.

Abeli alikuwapo, anapasua kuni. Pikipiki ameiuza, kwa kuwa hasikii gari likija nyuma yake. Rosalina alilitazama daftari mkononi mwangu. Kisha akakisukuma kigoda kwa mguu.

"Soma," akasema.

Nikakivuta mahali nilipozoea kukaa.

"Siyo hapo. Kaa kulia kwake, naye asikie."